Kelele Zipitazo Wayani: Nilivyoutafuta Mvumo Nikaupata

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba palipo na moshi hapakosi moto. Baada ya yale yaliyonifika nyumbani kwetu Nakuru katika likizo ndefu ya mwishoni mwa mwaka wa 2024, nami nimejitungia methali yangu ndogo: palipo na mvumo hapakosi njia. Katika makala haya nitakueleza jinsi nilivyoitafuta njia hiyo, nilivyopotea tukaponea chupuchupu, na hatimaye nilivyoipata. Hebu tega sikio, maana shida hii huenda iko hata kwenu, na bila shaka iko hapa shuleni katika bwalo letu.

Nianze na chanzo. Babu yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa karani wa reli. Kwa kuwa alihamishwa huku na huko, nyumba yake ikawa nyumba ya Kiswahili. Kitu alichokienzi sana kilikuwa kinasa sauti chake. Mwaka wa 1993 alinasa kanda tatu za kaseti. Humo anasimulia alikozaliwa, anawataja wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na hapa na pale anaimba. Alifariki mwaka wa 2006, kabla mimi sijazaliwa, kwa hivyo mimi babu yangu ninamjua kwa sauti tu. Kanda zilipoanza kuchakaa, mjomba alizihamisha zote katika kompyuta.

Nyanya anaishi nasi. Masikio yake si ya ujana tena. Siku moja aliniita kwa lile jina la utani la nyanya na mjukuu:

"Mume wangu, wewe si unasoma mambo ya kompyuta? Basi niwekee mzee wangu aongee hapa sebuleni kwa sauti ya watu. Hako kasimu kenu ka kubana sikio mimi sikawezi."

Nani angekataa? Nilifunga kibwebwe.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Kompyuta kuukuu yenye sauti za babu ilikuwa katika chumba ambacho baba hufanyia kazi zake, kando ya ruta ya mtandao. Kutoka hapo nilipitisha kebo ya mtandao ya mita 15 ukutani hadi sebuleni. Sebuleni niliweka kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake unakaribia ule wa kadi ya benki. Hiyo ndogo inapokea sauti kupitia mtandao wa nyumbani, inaipeleka katika kigeuzi, yaani kile kidude kinachogeuza tarakimu kuwa umeme wa sauti, na kigeuzi kinaupeleka umeme huo katika amplifaya ya baba na spika zake mbili. Nyanya akitaka kumsikia mzee wake, mtu yeyote anabonyeza simu na kazi imekwisha.

Siku ya kwanza tuliketi sote sebuleni. Nilibonyeza. Lo! Kabla babu hajasema neno, spika zilianza kuvuma "mmmmmmm", na juu ya mvumo huo kukawa na sauti nyingine ya "chri-chri-chri" kama nyenje wa usiku. Babu alipoanza kuongea, maneno yake yalizama humo ndani.

"Huyu mzee wangu mmemfungia katika mzinga wa nyuki?" nyanya aliuliza.

Ndugu zangu waliangua kicheko. Mimi kijasho chembamba kilinitoka. Lakini jambo lililonichoma moyo lilikuja baadaye. Mwishoni mwa kanda ya pili babu hupunguza sauti na kuongea taratibu, kana kwamba anaongea na mtu mmoja tu. Nyanya aliinama mbele, akaweka mkono sikioni, kisha akatikisa kichwa. "Sijasikia kitu. Zima tu, mume wangu. Umejaribu."

Maneno hayo, "umejaribu," yalinikosesha usingizi.

USHAURI WA KUPOTEZA

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini si kila mgeni. Binamu yangu alisema, "Hiyo ni kebo mbaya bwana. Nunua ile ya bei, yenye vichwa vya dhahabu. Sauti itakuwa safi kama maji ya mtungi." Kebo aliyoitaja ilinishinda bei, nikaachana nayo.

Jirani mmoja mwenye ujuzi kidogo wa redio alikuja akacheka. "Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Fungua plagi ya amplifaya, toa ule waya wa kijani na manjano. Mvumo utakufa hapo hapo."

Nilifanya hivyo. Na kweli, mpenzi msomaji, mvumo ulikufa! Nilijiona mwanasayansi. Nyanya alinibariki. Kumbe nilikuwa nimetega mtego katika sebule yetu.

Siku ya tatu ndugu yangu mdogo aliichomoa ile kebo ya mtandao, eti anataka kuitumia na kompyuta yake. Mama alikuwa anapiga deki, miguu mitupu, mikono imelowa. Amplifaya ilikuwa ingali inawaka, akanyosha mkono ili aizime. "Uwii!" Aliruka nyuma, ndoo ikamwagika. Ganzi ilikuwa imempanda hadi kwenye kiwiko. Tunashukuru Mungu hakuumia, ila alikaa kitini muda mrefu akiusugua mkono wake bila kusema neno.

Baba alifungua plagi, akauona waya ukining'inia. Hakufoka. Aliurudisha mahali pake, akakaza skrubu, kisha akaniambia, "Heri kelele kuliko kilio." Mvumo ukarudi. Likizo ikaisha hivyo, nami nikarudi shuleni Januari 2025 kichwa kikiwa chini.

WAYA WA ARDHI UNA KAZI GANI?

Nilimweleza Mwalimu wetu wa Fizikia mkasa wote. Alichukua chaki. Nitayaeleza aliyonifunza kwa maneno yangu.

Plagi zetu hapa Kenya zina meno matatu. Katika nyaya za siku hizi, waya wa hudhurungi unaleta umeme, wa buluu unaurudisha, na ule wa kijani na manjano ni waya wa ardhi. Huu wa tatu haubebi umeme wa kazi. Umefungwa katika bati la chombo na kwenda mpaka ardhini. Ikitokea waya wa umeme ukakatika ndani na kugusa bati, umeme mwingi sana hukimbilia ardhini kupitia waya huo, fyuzi inaungua, na chombo kinazimika. Ukiutoa, bati hubaki na umeme wake kimya likimsubiri mtu. Atakayeligusa ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani mwa mtu unaweza kumuua, na ndiyo maana vile vizimaji vya usalama vya majumbani hutengenezwa vikatike kwa kiasi hicho. Miliampea 30 ni kidogo mno. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi hata kuuhisi mkondo huo.

"Lakini Mwalimu," nikauliza, "mbona siku mbili za kwanza hakuna aliyeshtuka?"

Alitabasamu. "Kwa sababu bati la amplifaya lilikuwa bado na njia ya kwenda ardhini. Ile kebo yako ya mtandao ina vichwa vya chuma?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hiyo. Ndugu yako alipoichomoa, njia ya mwisho ikakatika."

Nilipigwa na butwaa. Kebo ya kupeleka sauti ndiyo iliyokuwa waya wa ardhi wa amplifaya! Na katika jibu hilo ndimo mlimokuwa siri yote ya mvumo.

JE, KELELE ZIMO KATIKA TARAKIMU?

Kwanza tuondoe dhana moja potovu, ile ya binamu yangu. Sauti inaposafiri katika mtandao, haisafiri kama sauti. Inasafiri kama hesabu. Sauti yenye ubora wa sahani ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Tarakimu hizo hufungwa katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba hesabu yake ya kujikagua. Kikifika kimeharibika, hutupwa. Halafu, kwa mfumo niliotumia mimi, kingine hutumwa mahali pake.

Kwa hivyo kebo mbovu kabisa ingefanya sauti ya babu ikatike, iwe na mapengo, au isifike kamwe. Haiwezi kumwekea babu mvumo chini ya maneno yake. Nilihakikisha mwenyewe: niliinakili kanda ya pili kupitia kebo ile ile, kisha nikaiambia kompyuta ilinganishe nakala na asili. Zilikuwa sawa sawia, hakuna hata tarakimu moja iliyopotea. Kebo yenye vichwa vya dhahabu isingeweza kuleta nakala iliyo sawa kuliko hiyo.

Hebu nikupe mfano. Mtu akikuletea barua akiwa amevaa viatu vya tope, maneno ya barua hayabadiliki, lakini sakafu yako inachafuka. Tarakimu ndizo barua. Tope ni umeme wa ovyo unaoandamana na waya. Sakafu ni ile sehemu ya mwisho, kutoka katika kigeuzi hadi amplifaya, ambako sauti si hesabu tena bali ni umeme unaopanda na kushuka. Huko umeme wowote mwingine ukijiunga, unakuwa sauti.

PETE ISIYOONEKANA

Sasa twende kwenye mvumo wenyewe. Mwalimu alichora vitu vyangu ubaoni, kisha akafuata chuma kwa kidole, akipuuza kazi ya kila waya na kuuliza tu, "Hapa chuma kimegusana na chuma?"

Kompyuta ya chumba cha baba ina plagi ya meno matatu, kwa hivyo bati lake limefungwa ardhini. Kebo yangu ya mtandao ilikuwa ya aina yenye ngozi ya chuma ndani na vichwa vya chuma. Ngozi hiyo ilitoka katika bati la kompyuta, ikapitia ruta, ikaja hadi katika Raspberry Pi. Kutoka hapo ikaendelea kwa kebo ya USB hadi katika kigeuzi, kisha kwa ngozi ya kebo za sauti hadi katika bati la amplifaya. Na amplifaya nayo, kwa waya wake wa ardhi, ikarudi ukutani na kuungana na ardhi ile ile ya kompyuta. Kidole cha Mwalimu kilirudi kilipoanzia. Pete kamili, kubwa kama nyumba yetu!

Michael Faraday alionyesha mwaka wa 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme katika pete ya waya. Nyaya za umeme za nyumba zimezungukwa na usumaku unaobadilika, kwa sababu umeme wetu hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Pete yangu ilikuwa inavuna umeme huo usiku na mchana. Isitoshe, ardhi ya soketi moja na ya nyingine hazilingani kabisa, na tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo zaidi. Ndiyo maana mvumo wa namna hii ni mzito na wa chini: ni sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde, pamoja na ndugu zake wa 100, 150 na kuendelea.

Kwa nini mkondo mdogo usumbue hivyo? Tupige hesabu kidogo. Tuseme ngozi ya kebo ya sauti ina ukinzani wa omu 0.1, na mkondo wa miliampea 10 unapita humo. Zidisha: unapata milivolti 1. Ni kidogo, ndiyo. Lakini ngozi hiyo ndiyo njia ya kurudia ya sauti yenyewe, kwa hivyo milivolti hiyo inajumlishwa katika sauti moja kwa moja. Kigeuzi kikiimba kwa nguvu zake zote hutoa kama volti 2, yaani mara 2,000 ya mvumo, na hapo husikii kitu. Sasa mweke mzee anayenong'ona mwishoni mwa kanda. Sauti yake ni milivolti chache tu. Mvumo na mnong'ono vinakuwa karibu sawa kwa urefu. Ndipo nilipoelewa kwa nini nyanya alitikisa kichwa.

KUTAFUTA NJIA HATUA KWA HATUA

Mwalimu aliniambia, "Usinunue kitu kabla hujajua kelele zinaingilia wapi." Mapumziko ya katikati ya muhula yalipofika, nilikwenda nyumbani na orodha hii. Nawe unaweza kuifuata, mradi uzime amplifaya kila unapochomoa au kuchomeka kebo za sauti, la sivyo mlio utakaotoka utaziumiza spika.

Kwanza, geuza kitufe cha sauti juu na chini. Kelele zikipanda na kushuka nacho, zinaingia kabla ya kitufe. Zikikaa pale pale, shida iko ndani ya amplifaya yenyewe. Zangu zilipanda na kushuka.

Pili, toa kebo za sauti kabisa. Amplifaya peke yake ilinyamaza kimya. Basi haikuwa na hatia.

Tatu, hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kebo za sauti zikiwa zimerudi mahali pake, nilimwacha babu aanze kuongea, kisha nikachomoa ile kebo ya mtandao upande wa sebuleni. Kifaa huweka akiba ya sekunde kadhaa za sauti, kwa hivyo babu aliendelea kuongea kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini mvumo ulikatika pu! Sauti imebaki, mvumo umekwenda. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo: mvumo haukuwa katika habari iliyoletwa, bali ulikuja kwa chuma cha mletaji.

TIBA YA MVUMO

Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu. Nilinunua kebo nyingine ya mtandao, ile ya kawaida isiyo na ngozi ya chuma na yenye vichwa vya plastiki. Ndani ya tundu la mtandao la kila chombo mna transfoma ndogo ndogo. Tarakimu huvuka hapo kwa usumaku, bila chuma kugusa chuma, na kanuni za mtandao huo zinataka kizuizi hicho kistahimili volti 1,500. Kwa hivyo kebo ya kawaida hupeleka kila tarakimu lakini haiungi ardhi na ardhi. Ni ile ngozi ya chuma iliyokuwa inapita kando ya kizuizi, kama mtu anayeruka ua ilhali mlango umefungwa.

Usiogope kwamba bila ngozi tarakimu zitaharibika. Ndani ya kebo mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili. Kelele za nje huingia sawa katika nyaya zote mbili za jozi, na chombo kinachopokea husoma tofauti kati yao tu, basi kelele zinajifuta. Kebo hiyo inaruhusiwa kufika mita 100. Yangu ilikuwa ya mita 15. Ngozi ya chuma ina faida zake mahali penye mitambo mikubwa, lakini katika nyumba kama yetu ilileta hasara tupu.

Niliiweka kebo mpya, nikawasha. Mvumo haukuwapo. Na waya wa ardhi wa amplifaya ulikuwa mahali pake, umekazwa! Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya yale ya jirani na haya. Yeye alikata pete mahali palipolinda maisha ya mama. Mimi sasa nimeikata mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuunganishwa tangu mwanzo.

WALE NYENJE WALIOBAKI

Furaha yangu ilikuwa nusu. "Chri-chri" bado ilikuwapo, ndogo, hasa vifurushi vilipokuwa vinaingia kwa wingi. Hii haikutokana na pete. Raspberry Pi yangu ilikuwa inalishwa na chaja ya simu ya bei ya chini. Chaja za siku hizi hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na umeme kidogo huvuja hadi upande wa pili ukitafuta ardhi. Pi nayo hunywa umeme kwa mafunda kila inapopokea vifurushi. Vurugu hizo zote zilipitia USB, kigeuzi, na ngozi ya kebo za sauti, zikaishia katika amplifaya, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na ardhi ya karibu.

Nilifanya mambo matatu. Nilibadilisha chaja nikaweka bora zaidi, kelele zikapungua. Nilihamisha chaja nyingine zote mbali na kebo za sauti, na pale ambapo kebo ya umeme haikuwa na budi kukutana na ya sauti, nikazivusha zikatane kama msalaba badala ya kuziacha zilale ubavu kwa ubavu. Mwisho nilinunua kitenganishi, kijisanduku chenye transfoma mbili, moja kwa kila spika, ambacho hukaa kati ya kigeuzi na amplifaya. Sauti huvuka kwa usumaku, chuma hakivuki. Kebo, chaja na kitenganishi vyote kwa pamoja havikufikia bei ya ile kebo ya binamu.

Mwenye kigeuzi chenye tundu la mwanga ana njia nzuri zaidi. Mwaka wa 1983 kampuni ya Toshiba ilileta kebo ya kupeleka sauti kwa mwanga, na aina hiyo bado inauzwa. Mwanga hauna chuma, na pasipo chuma mvumo hauna pa kukanyaga.

Nisikufiche hasara. Vitenganishi vya bei nafuu hupunguza kidogo zile sauti nzito za chini kabisa. Mpenda ngoma nzito huenda akanung'unika. Kwa mzee anayesimulia, hakuna kinachopotea. Vilevile, ule mchakacho wa kaseti wenyewe, "shhhh" ya mwaka wa 1993, upo mpaka leo. Huo uliingia katika tarakimu pamoja na babu, na hakuna kebo ya kuutoa.

NA HAPA SHULENI JE?

Je, unakumbuka spika za bwalo zinavyovuma kila tunapochomeka kompyuta ili tutazame tamthilia? Nenda kachomoe chaja ya kompyuta hiyo, iachwe itumie betri. Mara nyingi mvumo utakatika mara moja. Ni pete ile ile: chaja yenye plagi ya meno matatu iko katika soketi ya mbele, amplifaya iko katika soketi ya nyuma, na kebo ya sauti ndiyo inayoifunga pete. Chomekeni vyote viwili katika soketi moja, ili pete iwe ndogo, au mtumie kitenganishi. Na yeyote atakayewaambia mtoe waya wa ardhi, mwambieni habari za mama yangu na ndoo.

TAMATI

Jumapili ya mapumziko hayo, Februari 2025, tuliketi tena sebuleni. Kanda ya pili. Babu aliongea, akaimba, akafika mwisho. Akapunguza sauti. Safari hii hapakuwa na nyuki wala nyenje, ila mchakacho mwembamba wa kaseti. Alimwita nyanya kwa jina lake la usichana, kisha akasema maneno machache ambayo si yangu kuyaandika hapa.

Nyanya hakuweka mkono sikioni. Alikaa kimya, akiangalia mlangoni. Mama naye alikuwa amesimama karibu na amplifaya, mkono wake juu ya bati.

"Rudisha hapo, mume wangu," nyanya akasema.

Nikarudisha.

Kwa leo naitua kalamu yangu. Mwenye swali anione darasani au katika mkutano wa chama siku ya Alhamisi. Kwaheri ya kuonana.